Kwa Nini Idadi ya Wapiga Kura Hailingani na Idadi ya Wakazi wa Kaunti

Kaunti za Nyeri na Mandera zinafanana katika jambo moja ambalo si wengi wanaolitambua. Kila moja ina maeneobunge sita. Nyeri ina Tetu, Kieni, Mathira, Othaya, Mukurweini na Nyeri Mjini. Mandera ina Mandera Magharibi, Banissa, Mandera Kaskazini, Mandera Kusini, Mandera Mashariki na Lafey. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 759,164 Nyeri na watu 867,457 Mandera. Hata hivyo, Wakenya walipokwenda debeni tarehe 9 Agosti 2022, sajili ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilikuwa na wapiga kura 481,632 wa Nyeri na 217,030 wa Mandera. Kaunti yenye wakazi wengi zaidi ilikuwa na wapiga kura wasiofika nusu ya wale wa kaunti yenye wakazi wachache.

Takwimu za aina hii huzua maswali kila uchaguzi unapokaribia, na mara nyingi majibu yanayotolewa katika mikutano ya hadhara ni mepesi mno: kwamba watu wa upande fulani wamelala, au kwamba hesabu ya upande mwingine imetiwa chumvi. Makala haya yanaeleza tofauti hizo zinatoka wapi, na kwa nini zina uzito katika ugavi wa viti, katika kura ya urais na katika kura ya maamuzi. Takwimu za wakazi zilizotumika ni za sensa ya 2019 na za wapiga kura ni za sajili ya 2022. Kwa kuwa miaka mitatu inazitenganisha, asilimia zilizomo humu zichukuliwe kuwa makadirio ya uwiano.

Hesabu tatu zinazochanganywa

Hesabu ya kwanza ni ya wakazi. Sensa humhesabu kila mtu aliyelala nchini usiku wa kuhesabiwa, awe mtoto mchanga au mkongwe, raia au mgeni. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019 walihesabiwa watu 47,564,296.

Hesabu ya pili ni ya wanaostahiki kupiga kura. Kifungu cha 83 cha Katiba kinamtambua kuwa anastahiki kusajiliwa raia aliyetimiza umri wa miaka 18, ambaye hajatangazwa kuwa na akili isiyo timamu, na ambaye hajapatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika kipindi cha miaka mitano iliyotangulia. Hesabu hii haipatikani moja kwa moja katika kitabu chochote kimoja. Hukadiriwa kutokana na jedwali la umri la sensa, na makadirio hayo huwa na kasoro kwa sababu jedwali la umri peke yake halimtengi raia na asiye raia.

Hesabu ya tatu ni ya waliosajiliwa, yaani wale ambao majina yao yamo katika sajili ya IEBC. Mwaka 2017 walikuwa 19,611,423. Mwaka 2022 walifika 22,120,458, sawa na asilimia 46.5 ya wakazi wote waliohesabiwa mwaka 2019.

Mtu anapochukua hesabu ya tatu akaigawa kwa ya kwanza, kisha akadai kwamba waliobaki wamekataa kujisajili, huwa ameruka hesabu ya pili yote. Katika nchi ambayo karibu nusu ya wakazi hawajatimiza miaka 18, mruko huo ni mkubwa.

Sura ya kaunti 47

Nairobi iliongoza kwa wapiga kura 2,415,310, ikifuatwa na Kiambu yenye takriban 1,275,000 na Nakuru yenye takriban 1,055,000. Hizo ndizo kaunti tatu pekee zilizovuka milioni moja, na kwa pamoja zilikuwa na zaidi ya mpiga kura mmoja katika kila watano nchini. Mwisho wa orodha ni Lamu yenye wapiga kura 81,453, ikitanguliwa na Isiolo yenye 89,504 na Samburu yenye 100,014. Kwa kila mpiga kura mmoja wa Lamu, Nairobi ilikuwa na karibu 30.

Orodha hiyo ya wengi na wachache ndiyo inayochapishwa sana, ingawa haisemi mengi kuhusu hali ya usajili. Uwiano wa wapiga kura kwa wakazi unapopangwa, sura hubadilika. Lamu iliyokuwa ya mwisho inapanda hadi asilimia 57 hivi, juu ya Nairobi (asilimia 55), Mombasa (asilimia 53) na Kiambu (asilimia 53). Nyeri inafika asilimia 63, na Murang'a takriban asilimia 59. Kakamega, ambayo ni ya nne kwa wakazi, iko asilimia 45, karibu kabisa na wastani wa nchi. Kilifi iko asilimia 40.

Chini ya orodha ya uwiano kuna kundi linalotengana na wengine waziwazi: Garissa asilimia 24, Mandera asilimia 25, Turkana asilimia 26 na Wajir asilimia 27. Wakazi wa kaunti hizo nne kwa pamoja walikuwa zaidi ya 3,400,000, ilhali wapiga kura wao hawakufika 870,000. Baada yao, kwa nafasi fulani, zinafuata Samburu, Isiolo, Narok, Pokot Magharibi na Marsabit, zote kati ya asilimia 32 na 36.

Yafaa kutaja pia makundi mawili yaliyo nje ya kaunti 47. Wakenya waliosajiliwa katika nchi 12 za ughaibuni walikuwa 10,444, na wafungwa waliosajiliwa magerezani walikuwa 7,483. Makundi haya humpigia kura Rais peke yake. Kila kundi ni dogo kuliko wadi moja ya wastani, kwa maana sajili ya 2022 ikigawanywa kwa wadi 1,450 inatoa takriban wapiga kura 15,000 kwa kila wadi.

Umri ndio sababu ya kwanza

Sababu kubwa kuliko zote haihusiani na siasa. Ni umri wa wakazi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba, kwa viwango vya uzazi vya wakati huo, mwanamke wa Kenya angezaa watoto 3.4 katika maisha yake. Nairobi kiwango kilikuwa 2.5. Pokot Magharibi kilikuwa 6.9 na Mandera 7.7. Sensa ya 2019 nayo ilionyesha kwamba kaya ya wastani Mandera ilikuwa na takriban watu saba, na Nyeri takriban watu watatu.

Hesabu ya nyumbani inatosha kuonyesha athari yake. Katika kaya ya watu watatu, mama, baba na mtoto mmoja, wanaoweza kusajiliwa ni wawili kati ya watatu. Katika kaya ya watu saba, mama, baba na watoto watano, wanaoweza kusajiliwa ni wawili kati ya saba. Kaya zote mbili zinaweza kuwa zimejisajili kikamilifu, pasipo hata mtu mzima mmoja kubaki nyuma, na bado ya kwanza itaonyesha asilimia 67 na ya pili asilimia 29.

Kwa hiyo, ingekuwa makosa kusoma asilimia 25 ya Mandera kana kwamba robo tatu ya watu wazima wa huko hawana kura. Ingekuwa makosa vilevile kudhani kwamba umri unaeleza pengo lote. Pokot Magharibi ina uzazi wa juu unaokaribiana na ule wa Mandera, lakini uwiano wake ulikuwa asilimia 35. Tofauti hiyo inahitaji sababu nyingine.

Kitambulisho kabla ya kura

Hakuna anayesajiliwa kuwa mpiga kura bila kitambulisho cha kitaifa au pasipoti halali ya Kenya. Kwa Wakenya wengi wa mashambani na mijini, pasipoti ni jambo la mbali, hivyo kitambulisho ndicho mlango. Na mlango huo haujawa wazi kwa kiwango kimoja kila mahali.

Katika kaunti za mpakani, hasa Mandera, Wajir na Garissa, kijana aliyetimiza miaka 18 kwa miaka mingi alitakiwa kufika mbele ya kamati ya uhakiki iliyowahusisha machifu, wazee na maafisa wa usalama kabla ya ombi lake kupokewa. Kijana wa Othaya wa rika lake hakupitia kikao kama hicho. Serikali ilieleza kwamba uhakiki huo ulihitajika kwa sababu za usalama na kwa kuwa jamii moja inaishi pande zote mbili za mpaka. Wakazi nao walilalamika kwamba vikao vilikuwa vichache na kwamba waombaji walisubiri kwa muda mrefu. Tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuondoa uhakiki huo wa ziada, ili waombaji wa kaunti za mpakani wapitie utaratibu sawa na wa Wakenya wengine. Athari ya hatua hiyo katika sajili itaonekana katika uchaguzi wa 2027.

Garissa ina tatizo jingine la kipekee. Tangu kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991, baadhi ya raia wa Kenya wanaoishi jirani nazo waliandikishwa kama wakimbizi, wengi wao wakiwa watoto, familia zikitafuta chakula au matibabu wakati wa ukame. Walipofika umri wa kuomba kitambulisho, alama zao za vidole zilipatikana katika kumbukumbu za wakimbizi na maombi yao yakasimamishwa. Watu hao ni raia kwa kuzaliwa, wametimiza umri, wanastahiki kwa mujibu wa Kifungu cha 83, na hawamo katika sajili.

Wakimbizi wenyewe, ambao si raia, wanaongeza hesabu ya wakazi bila kuongeza ya wapiga kura. Dadaab iko Garissa. Kakuma na Kalobeyei ziko Turkana. Si sadfa kwamba kaunti hizo mbili zimo katika kundi la chini kabisa.

Pwani nako kuna mfano wa watu walioishi nchini kwa vizazi kadhaa bila kuhesabiwa kuwa raia. Wamakonde wa Kwale walianza kupewa vitambulisho mwaka 2016 baada ya kutambuliwa rasmi. Washona walifuata mwaka 2021. Wapemba, ambao wengi wao ni wavuvi wa Kwale na Kilifi na asili yao ni kisiwani Pemba, walitambuliwa mwaka 2023. Idadi ya jamii hizi ni ndogo na haibadilishi asilimia ya kaunti kwa kiasi cha kuonekana. Inabadilisha, hata hivyo, matokeo ya wadi, kwa kuwa kiti cha mwakilishi wadi huweza kuamuliwa kwa kura chache sana.

Umbali, uhamaji na kura ya nyumbani

Mandera ina eneo la takriban kilomita za mraba 26,000. Nyeri takriban 3,300. Turkana na Marsabit ndizo kubwa kuliko zote nchini. Karani wa IEBC anayebeba mashine ya kusajili anaweza kumaliza kata kadhaa za Mathira kwa wiki moja. Kaskazini, anaweza kufika kwenye kisima walikokuwa wafugaji akakuta wamekwisha kuhama na mifugo yao kufuata malisho. Katika awamu ya kwanza ya usajili wa halaiki, kuanzia Oktoba hadi mapema Novemba 2021, IEBC ililenga wapiga kura wapya 6,000,000 nchini kote ikapata takriban 1,500,000. Awamu ya pili ya Januari na Februari 2022 ilipata takriban milioni moja. Ikiwa shabaha haikufikiwa hata katika kaunti zenye barabara za lami, ni rahisi kuelewa ugumu ulikuwa wa kiasi gani palipo na njia za ngamia.

Upande wa pili wa uhamaji unazinufaisha kaunti za nyumbani. Sheria inamruhusu raia kujisajili katika kituo anachokichagua, na wengi wanaofanya kazi Nairobi, Nakuru au Mombasa huchagua kituo kilicho karibu na shamba la wazazi wao. Sensa humhesabu mtu huyo Kasarani; sajili humhesabu Murang'a au Siaya. Hivyo uwiano wa kaunti za nyumbani hupanda na wa kaunti za miji hushuka kuliko ambavyo ungekuwa. Kajiado ni mfano ulio wazi. Ongata Rongai na Kitengela zimejaa wafanyakazi walio katika umri wa kupiga kura, lakini uwiano wa kaunti hiyo ulikuwa asilimia 41 tu, kwa sababu ya watoto wengi wa maeneo ya wafugaji kwa upande mmoja, na wakazi wa miji yake wanaopiga kura kwingine kwa upande wa pili.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halitajwi sana kwa kuwa halipendezi. Ukaguzi wa sajili uliofanywa mwaka 2022 na kampuni ya KPMG ulikuta zaidi ya rekodi 246,000 za watu waliofariki. Sajili isiposafishwa kwa wakati, majina ya marehemu hujazana zaidi pale palipo na wazee wengi, na kaunti zenye wazee wengi ni zilezile zenye uwiano wa juu. Sehemu ndogo ya asilimia 63 ya Nyeri huenda ni ya watu ambao hawatafika kituoni kamwe. Familia inayoripoti kifo na kuchukua cheti inaisaidia IEBC kuliko inavyodhani.

Hesabu ipi inaamua nini

Hapa ndipo mwananchi anapopaswa kuwa makini, kwa sababu Katiba haitumii hesabu moja kwa kila jambo.

Mipaka ya maeneobunge hutegemea wakazi. Kifungu cha 89 kinataka kila eneobunge liwe na idadi ya watu inayokaribia wastani wa kitaifa, yaani wakazi wote wa Kenya wakigawanywa kwa maeneobunge 290. Kwa sensa ya 2009 wastani huo ulikuwa 133,138, na kwa sensa ya 2019 unakuwa takriban 164,000. Eneobunge la jiji au la sehemu yenye watu waliotawanyika linaruhusiwa kutofautiana na wastani kwa hadi asilimia 40. Mengine yote kwa asilimia 30. Raia, mgeni, mtoto na mtu mzima wanahesabiwa sawa katika kanuni hii.

Ndiyo maana Mandera na Nyeri zinaweza kuwa na viti sita kila moja. Kwa wakazi, eneobunge la wastani la Mandera lina watu takriban 145,000 na la Nyeri takriban 127,000, na yote yamo ndani ya kiwango. Kwa wapiga kura, eneobunge la wastani la Nyeri lilikuwa na watu 80,000 na la Mandera 36,000. Anayetaka viti vigawanywe kwa wapiga kura anapendekeza kubadilisha Katiba, na tafsiri mpya ya sheria iliyopo haiwezi kumfikisha huko. Katiba ilichagua wakazi kwa sababu mbunge anawakilisha pia watoto wa shule na kina mama ambao vitambulisho vyao vimechelewa.

Wastani mpya hauzipendelei kaunti zote. Nairobi yenye maeneobunge 17 ina wakazi takriban 259,000 kwa kila moja, zaidi ya kikomo cha asilimia 40 cha jiji. Lamu yenye mawili ina takriban 72,000 kwa kila moja, chini ya kikomo hicho. Katika mapitio ya 2012, masharti ya mpito ya Katiba yalikataza eneobunge lililokuwapo kupotea. Kinga hiyo ilihusu mapitio ya kwanza pekee. Muda wa juu wa miaka 12 kati ya mapitio ulipita Machi 2024, wakati IEBC haikuwa na makamishna, na suala hilo bado linasubiri kukamilishwa. Linatatizwa pia na mabishano kuhusu sensa yenyewe: matokeo ya 2009 ya baadhi ya maeneo ya Mandera, Wajir, Garissa na Turkana yalipingwa, na yale ya 2019 ya baadhi ya maeneo ya kaskazini mashariki nayo yalifikishwa mahakamani.

Mgao wa fedha za kaunti nao hutazama wakazi, sio wapiga kura. Katika fomula iliyoanza kutumika mwaka wa fedha wa 2020/21, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 18, ikiambatana na vigezo vya afya, kilimo, umaskini, barabara, miji, ukubwa wa eneo na mgao wa msingi ulio sawa kwa kaunti zote. Dai linalosikika mara kwa mara kwamba kaunti isiyojisajili kupiga kura itanyimwa fedha halina msingi katika fomula hiyo.

Kura ya urais hutumia kura zilizopigwa. Mshindi anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu, yaani angalau kaunti 24. Kwa sharti la pili, Lamu yenye wapiga kura 81,453 ina uzito uleule wa Nairobi. Mwaka 2022 William Ruto alifikisha robo hiyo katika kaunti 39 na Raila Odinga katika kaunti 34. Kwa sharti la kwanza ni wingi tu unaohesabika: tofauti kati ya wagombea hao wawili ilikuwa kura 233,211, pungufu kidogo ya wapiga kura wote waliosajiliwa Turkana na zaidi ya wote waliosajiliwa Mandera.

Kura ya maamuzi ndiyo inayotazama sajili yenyewe. Kwa marekebisho ya Katiba yanayohitaji kura hiyo, Kifungu cha 255 kinataka angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti, na kisha wengi wao wayaunge mkono. Hapa jina la marehemu lililobaki katika sajili linaongeza kiwango ambacho walio hai wanapaswa kukifikia.

Kuelekea Agosti 2027

Watoto waliokuwa na umri wa miaka 10 na zaidi usiku wa sensa ya 2019 karibu wote watakuwa wametimiza miaka 18 kufikia uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027. Kwa sababu ya viwango vya uzazi vilivyotajwa, kundi hilo ni kubwa zaidi, kwa uwiano, katika kaunti zilezile zilizokuwa chini mwaka 2022. Nafasi ya ongezeko la wapiga kura iko Mandera, Turkana na Pokot Magharibi kuliko ilivyo Nyeri, iwapo vitambulisho vitatolewa.

Sharti hilo la mwisho si dogo. Mwaka 2022 wapiga kura wa kati ya miaka 18 na 34 walikuwa karibu asilimia 40 ya sajili, na idadi yao ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 5 ikilinganishwa na 2017, wakati idadi ya vijana nchini iliendelea kukua. IEBC ilirejelea usajili endelevu tarehe 29 Septemba 2025 na kutangaza shabaha ya wapiga kura wapya 6,300,000. Kijana atakayetimiza miaka 18 katika miezi ya mwisho kabla ya uchaguzi hana muda wa kusubiri: atahitaji kitambulisho kwanza, kisha kusajiliwa kabla sajili haijafungwa kwa ajili ya uhakiki na ukaguzi.

Huduma ya usajili hutolewa bila malipo katika afisi za IEBC za maeneobunge na katika vituo vya Huduma. Anayekwenda abebe kitambulisho halisi au pasipoti halali, nakala haikubaliwi. Aliyekwisha kusajiliwa hapaswi kujisajili upya hata akihamia kaunti nyingine, kwa kuwa kujisajili mara mbili ni kosa la jinai. Anachotakiwa kufanya ni kuomba uhamisho wa kituo katika afisi ya eneobunge analotaka kupigia kura. Mwenye ombi la kitambulisho lililokwama kwa sababu ya alama za vidole kupatikana katika kumbukumbu za wakimbizi apeleke suala lake katika afisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo, akiwa na cheti cha kuzaliwa au vitambulisho vya wazazi, kwa kuwa IEBC haina mamlaka ya kulitatua.